Ujuzi Wako Uvuke Mlima Kitonga: Vidokezo vya Kuanza Kuuza Kozi ya Video

Nyanda za Juu Kusini zimejaa walimu wasiojiita walimu. Rungwe kuna anayebebesha miche ya parachichi na karibu yote ikashika. Iringa kuna mama anayesuka kikapu cha milulu kisichopoteza umbo, na Mwanjelwa, Mbeya, kuna fundi cherehani ambaye mikono ya suti zake haivuti begani. Kila wiki mtu anawapigia: "Na mimi nifundishe." Wanaeleza kwenye simu mpaka sikio linapata moto, na hawalipwi chochote. Ujuzi huohuo ukirekodiwa vizuri unaweza kumfikia mtu wa Songea, Dodoma, hata Muscat, nawe ukapata kipato cha haki. Kama unafikiria kuanza, soma vidokezo hivi kwanza.

1. Anza na swali unaloulizwa kila mara

Usifungue "kozi ya kilimo cha parachichi". Hiyo ni bahari, na mteja hajui atatokea ufukwe gani. Fungua WhatsApp yako, pitia meseji za miezi michache iliyopita, uone watu wanakuuliza nini. Swali linalojirudia ndilo kozi yako. "Bebesha miche yako 100 ya kwanza ya parachichi aina ya Hass ukiwa nyumbani" ni kozi. "Shona sare ya shule ya mtoto wa darasa la kwanza" ni kozi. Mteja anunue akijua kwamba akimaliza atakuwa na kitu cha kushika mkononi.

2. Mfundishe mtu mmoja kwanza, uso kwa uso

Mwaka 2004 Salman Khan, Mmarekani mwenye asili ya Bangladesh, alianza kumsaidia binamu yake Nadia hesabu kutoka mbali. Video zake za YouTube zilianza 2006, na ndizo zilizozaa Khan Academy. Alianza na mwanafunzi aliyemjua kwa jina.

Nawe mwite jirani asiyejua kabisa kazi yako. Mfundishe mwanzo hadi mwisho ukiwa na daftari. Kila anaposimama na kukuuliza, andika. Kila anapokosea, andika pia. Ukimaliza utagundua daftari lina mpangilio wa masomo ambao usingeupata kwa kukaa mezani, kwa sababu mjuzi husahau alichokuwa hakijui.

3. Uza kabla hujarekodi

Andika tangazo fupi: nani atafaidika, atajua kufanya nini, kozi itatoka lini, bei gani. Litume kwenye magrupu uliyomo na uliweke stetasi. Omba malipo ya awali kutoka kwa watu kumi wa mwanzo kwa bei nafuu, na uahidi kurudisha fedha usipotimiza tarehe. Wakilipa kumi, rekodi. Wakisema tu "hongera, safi sana" bila kutuma hata shilingi, rudi kwenye kidokezo cha kwanza ubadilishe mada. Pongezi hazinunui bando.

4. Somo moja, tendo moja, dakika tano

Hapa ndipo kozi nyingi zinapoharibika. Mtu anarekodi saa nzima akihutubia, mtazamaji analala. Chukua mfano wa kubebesha parachichi. Wengi wangeifanya video moja. Mimi ningeigawa hivi.

Somo la kwanza ni kuchagua mche wa chini, ule ulioota kwa mbegu ya parachichi la kienyeji kwenye kiriba. Uonyeshe ukiwa umefikia unene wa penseli, na penseli yenyewe uiweke pembeni yake ili macho yapime. Somo la pili ni kukata kikonyo cha Hass: tawi gani la mti mzazi, macho yake yakoje, na kwa nini majani yanaondolewa mara moja kabla hayajakinyonya maji. Somo la tatu ni kisu peke yake, jinsi ya kukinoa na kukisafisha. Usiliruke, maana kisu butu hupondaponda gome na jeraha haliungi.

Somo la nne ndilo moyo wa kozi. Kata kichwa cha mche wa chini, upasue katikati kama sentimita tatu, uchonge kikonyo kiwe kabari, kisha ukichomeke. Simu isogee karibu kabisa mpaka mtazamaji aone ngozi ya kijani iliyo chini ya gome la kikonyo ikikutana na ya mche, walau upande mmoja. Kaa kimya sekunde kumi aangalie. Rudia kwa mche wa pili, kisha wa tatu, kwa sababu mikono hujifunza kwa kurudia. Somo la tano ni kufunga kwa utepe wa plastiki. La sita litarekodiwa wiki tatu au nne baadaye, macho ya kikonyo yakianza kuchipua, na lionyeshe pia miche iliyokufa. Usiifiche. Mteja atakayepoteza miche yake kumi anahitaji kujua kwamba hata mwalimu hupoteza, na sababu yake ni nini.

Mtindo huu unafaa kwa keki, kusuka nywele au kutengeneza sabuni.

5. Sauti kwanza, picha baadaye

Watu huvumilia picha hafifu, lakini sauti ya mikwaruzo hawaivumilii. Nunua maiki ya kubana kwenye shati kabla hujafikiria kamera. Simu uliyonayo inatosha. Halafu jua hali ya hewa ya kwako. Mvua za Mbeya zikianza Novemba, bati linapiga ngoma mpaka Aprili, na Tukuyu ndiko zaidi. Rekodi masomo ya ndani kati ya Juni na Oktoba, au asubuhi kabla mawingu hayajakusanyika. Iringa mjini adui ni upepo: vika maiki sponji lake, na ukiwa shambani geuka uupe upepo mgongo. Ndani ya nyumba, mapazia na blanketi mbili zikining'inizwa ukutani huua mwangwi.

6. Weka maandishi kwenye video

Vipimo, majina ya vifaa na hatua viandikwe chini ya picha. Wengi hutazama ndani ya basi bila sauti. Tena wapo wateja wasiosikia: karakana ya Neema Crafts ya Iringa, iliyoanza 2003, imewathibitishia wote waliopita pale kwamba viziwi ni mafundi hodari. Usiwafungie mlango kwa uvivu wa kuandika.

7. Hurumia bando la mteja

Simu nyingi zikirekodi kwa ubora wa 1080p, dakika moja hula MB 100 na ushee. Somo la dakika tano linazidi MB 500. Mteja wa Makete au Mbarali hatalifungua, au atalifungua mara moja alaani. Ukilipunguza hadi 480p kwa programu ya kuhariri kama CapCut, linaweza kushuka hadi MB 30 au 40, na masomo kumi na mawili yakaingia chini ya nusu GB. Picha za karibu, kama ile ya kisu na gome, ziache na ubora wa juu kidogo.

Uwe pia na kozi nzima kwenye memori kadi au flashi. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ikazorota nchi nzima. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, ilizimwa kabisa kwa siku kadhaa. Mwenye flashi aliendelea kujifunza.

8. Jua kilicho bure, kisha uza kisichopatikana bure

Access Agriculture wana video za mafunzo ya kilimo, nyingine kwa Kiswahili, na hazilipiwi. Watafiti wa TARI Uyole wako hapo Mbeya na ukiwafuata watakueleza mengi. YouTube nako kumejaa. Kwa nini basi mtu akulipe?

Akulipe kwa kumshika mkono. Fungua grupu la WhatsApp la wanunuzi kwa wiki sita. Kila mmoja atume picha ya kazi yake, nawe ujibu kwa sauti: "Dada, hapa umefunga juu sana, fungua urudie leo jioni." Ahadi hiyo ndiyo bidhaa, video ni sehemu yake tu. Ndiyo pia kinga yako dhidi ya wanaosambaza video bila ruhusa, maana watasambaza. Video huvuja, lakini nafasi ya kukuuliza wewe haivuji.

9. Bei na malipo

Usipange bei kwa kuhesabu dakika za video. Muulize mteja amepoteza kiasi gani kwa kutokujua: miche iliyokufa, kitambaa kilichoharibika, kuku waliokwisha. Bei yako iwe ndogo sana mbele ya hasara hiyo. Kwa kozi fupi ya kwanza, shilingi 15,000 hadi 30,000 inaweza kutumwa siku hiyohiyo bila mtu kusubiri mwisho wa mwezi. Chukua lipa namba ya mtandao wa simu ili jina la biashara lionekane anapolipa, na kila malipo uyaandike daftarini.

10. Karatasi zisikutishe

TIN hutolewa bure na TRA. Kaichukue, na uwaulize kodi ya mtu anayeuza mafunzo inahesabiwaje. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitoka 2018, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa tena baadaye, kwa hiyo usimtegemee rafiki aliyesajiliwa zamani. Nenda ofisi ya kanda ya TCRA, mamlaka inayozisimamia; iko Mbeya. Usiweke wimbo wa msanii kwenye video bila ruhusa. Kazi yako mwenyewe ukaisajili COSOTA. Na ukitaka kutumia picha ya shamba au uso wa mwanafunzi kwenye tangazo, mwombe kwanza: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeshaanza kufanya kazi.

11. Tangaza kwa kalenda ya mkoa

Kozi ya kilimo ikitangazwa Februari, mkulima ameshamwaga fedha zote kwenye mbolea. Mtafute baada ya mavuno. Kozi ya kushona sare itangazwe Oktoba na Novemba, shule zikiwa zinakaribia kufungwa na wazazi wanaanza kuifikiria Januari.

Kisha kuna maonyesho ya Nane Nane. Mwanzoni mwa Agosti viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, hupokea wakulima na wafugaji wa kanda nzima, watu walewale unaowatafuta mtandaoni. Ongea na SIDO au halmashauri yako mapema, miezi kadhaa kabla, uone kama kuna kona ya banda utakayopewa. Beba miche yako, kisu, utepe na karatasi yenye lipa namba kwa herufi kubwa. Bebesha mche mmoja mbele ya watu, taratibu, ukieleza. Atakayeuliza swali la pili, chukua namba yake.