Bega la Mkimbiaji

Watu husema, Mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Sisi tukaao Tabora, penye njia ya kale iendayo Bagamoyo, twajua ya kuwa asemaye hivyo siye achukuaye. Basi, na tuwatazame wakimbiaji wawili.

Wa kwanza ni Filbert Bayi wa nchi yetu. Mwaka 1974, huko Christchurch, aliweka rekodi ya dunia ya meta 1500. Mwaka 1976 Tanzania, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ilikataa Olimpiki ya Montreal, kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza katika Afrika Kusini ya ubaguzi. Bayi hakukimbia. Dhahabu ikatwaliwa na John Walker, ambaye Bayi alikuwa amemshinda Christchurch.

Wa pili ni Feyisa Lilesa wa Ethiopia. Tarehe 21 Agosti 2016, akimaliza marathoni ya Rio de Janeiro wa pili, alipishanisha mikono juu ya kichwa kwa ajili ya Waoromo wenzake waliokuwa wakiuawa. Akakaa ugenini Marekani. Hakurudi kwao hata Oktoba 2018.

Lilesa alijitwika, Bayi alitwikwa na taifa. Haki ilikuwa ya wengi, bali bega lilikuwa la mmoja. Kwa hiyo tumsifupo shujaa, yatupasa kujiuliza tumemsaidia kuchukua nini.

Soma: Wagalatia 6:2, kisha 6:5.

Maswali:
1. Mistari hii miwili yapatanaje?
2. Ni nani kwetu aliyesema kweli, tukamwachia mzigo peke yake?