Kiangazi kinaingia: mwoteshee simbilisi majani ndani ya nyumba

Mvua za vuli zinakatika, na bonde la Kasese litaanza kukauka kabla ya Krismasi. Huko juu Kyarumba na Kyondo, ukungu wa Rwenzori utaendelea kulowesha majani. Lakini huku chini, kutoka mjini Kasese hadi Bwera na mpakani Mpondwe, mpaka Machi majani mabichi utayapata kando ya mito na kwenye mifereji ya Mubuku tu. Mwenye ng'ombe ameshazoea kuyafuata mbali. Leo nasema na wenye simbilisi, ambao wengi wao ni watoto walio likizo, na wazazi wao.

Ng'ambo ya mpaka, Kongo, wengi humwita simbilisi dende. Kule Kivu hufugwa kwa nyama na kwa kuuzwa. Watafiti wa kituo cha kilimo cha CIAT waliofanya kazi Kivu Kusini walieleza jinsi mnyama huyu mdogo, anayefichika upesi na kuzaa haraka, alivyozifaa familia zilizopoteza mifugo mikubwa wakati wa vita. Mtoto wa Bwera aliyempa simbilisi wake jina hafikirii nyama wala soko, lakini mahitaji ya mnyama ni yale yale.

Simbilisi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini. Anahitaji takriban miligramu 10 kila siku kwa kila kilo ya uzito wake, na jike mwenye mimba anaweza kuhitaji hadi 30. Majani mabichi humpa. Majani yaliyokauka karibu hayana kabisa, na chakula cha dukani cha kuku au sungura hakitengenezwi kwa kumfikiria yeye. Akikosa vitamini hiyo kwa wiki kadhaa manyoya husimama, viungo huvimba, hataki kutembea, na hulia akishikwa. Wapo wanaodhani ni homa, wakakimbilia duka la dawa kununua amoksilini. Tafadhali usifanye hivyo. Dawa hiyo huua bakteria wa tumboni wanaomsaidia kusaga majani, na mara nyingi humuua mnyama mwenyewe.

Kwa hiyo otesha majani ndani, ila ujue kazi yake. Utasikia kwamba kilo 1 ya mahindi yaliyooteshwa hutoa kilo 5 au 6 za majani. Uzito huo upo, lakini mwingi ni maji. Ukiukausha wote utapata pungufu ya ile kilo uliyoanza nayo. Majani ya ndani ni kionjo chenye vitamini, hayashibishi. Mlo wenyewe ubaki nyasi, mbichi zikipatikana na kavu zisipopatikana, maana meno ya simbilisi hayaachi kukua na nyasi ndizo zinazoyasaga. Wiki hii, kabla nyasi hazijageuka majiti, kata za kutosha, zianike kivulini siku tatu, kisha zihifadhi kwenye gunia lililoninginizwa pakavu.

Sasa mbegu, na hapa naomba umakini wa mzazi. Bonde la Mubuku huzalisha mahindi ya mbegu, na maduka ya pembejeo yamejaa pakiti. Mbegu hizo hupakwa dawa, ndiyo sababu zina rangi ya waridi, kijani au buluu. Hazifai hata kidogo, hata ukiziosha mara kumi. Mahindi ya ghalani yaliyochanganywa na dawa ya unga ya kuzuia dumuzi nayo yaache. Chukua mahindi yaliyovunwa sasa hivi shambani kwako, au mpunga ambao haujakobolewa, au ngano nzima ukiipata. Mtama usiutumie: chipukizi lake lina sumu ya sianidi, ambayo huwa kali zaidi mmea ukiwa mchanga.

Loweka kikombe kimoja cha mbegu usiku kucha. Asubuhi zisuuze, utupe zinazoelea. Kata dumu la mafuta ya kula la lita 5 ubavuni, toboa matundu chini, tandaza mbegu zisirundikane, funika kwa kitambaa chenye unyevu. Nyunyiza maji safi asubuhi, mchana na jioni. Siku ya pili au ya tatu ncha zikichomoza, ondoa kitambaa, weka dumu karibu na dirisha pasipo na jua kali wala moshi wa jiko. Kati ya siku ya saba na ya kumi majani yatafikia urefu wa kiganja. Ukianza dumu jingine kila baada ya siku tatu, hutakosa. Kazi hii mtoto wa miaka 9 anaiweza kabisa, na likizo ndiyo nafasi yake.

Adui wetu huku bondeni ni joto, kwa kuwa joto na unyevu huleta ukungu. Watu wengi hutupa dumu zima kwa kuona nywele nyeupe kwenye mizizi. Tazama vizuri: nywele za mizizi huota kuuzunguka mzizi na hulala ukizinyunyizia maji. Ukungu hutanda juu ya mbegu kama utando, wakati mwingine una rangi ya kijivu au nyeusi, na hunuka uchachu. Ukiwa ukungu, usikate sehemu iliyo safi ukadhani umeokoa kitu. Tupa vyote, osha dumu kwa Jik iliyotiwa maji, suuza, likaushe juani kabla ya kuanza tena.

Wakati wa kulisha tumia mkasi, ukate majani juu ya mbegu. Punje iliyoota bado ina wanga mwingi, na wanga mwingi huvuruga tumbo la simbilisi. Siku ya kwanza mpe majani machache tu, uongeze kidogo kidogo hadi konzi moja kwa mnyama kwa siku. Yaliyobaki jioni yaondoe bandani. Ngano na mpunga vitachipua mara ya pili. Mahindi huchipua kwa unyonge, hivyo mkeka wake wa mizizi, kama hauna ukungu, wape kuku.

Asiye na mbegu salama ana njia nyingine ninayoipenda hata kuliko hiyo. Nenda shambani sasa, udongo ungali laini, ng'oa bonge la nyasi za kawaida pamoja na mizizi na udongo wake, ulipande kwenye beseni bovu lenye matundu. Ukipata na kishonanguo kichanga, kiongeze pembeni, simbilisi hukipenda. Usichukue kando ya barabara kuu ya Mpondwe, ambako malori humwaga moshi na mafuta, wala kwenye shamba la kahawa au pamba lililopuliziwa dawa. Pita mbali na mmea wa lantana, ule wenye maua ya njano na waridi unaoziba vijia, kwa kuwa ni sumu kwake. Panda mabeseni mawili: moja likiliwa, jingine liwe barazani likichipua, na umwagilie kwa maji yaliyooshewa mboga.