Kabla ya Kumpeleka Sungura kwa Mlezi Mwingine

Mnyama mdogo wa nyumbani hununuliwa kwa fedha kidogo na kwa uamuzi wa haraka. Uamuzi wa kuachana naye ndio mgumu. Katika somo hili tunamzungumzia sungura, kwa kuwa akitunzwa vema huweza kuishi miaka 8 hadi 12, muda ambao mtoto wa darasa la pili hufika kidato cha nne.

Tuchukue mfano. Wazazi walimnunulia mtoto wao sungura. Sasa mtoto yuko shule ya bweni, familia imehamia nyumba ya kupanga ghorofani, na mnyama hushinda ndani ya kizimba barazani. Mama anampenda, naye huona haya hata kufikiri kumtoa. Afanye nini?

Swali la kuanzia

Tunashauri swali lisiwe, “Je, tunampenda?” Jibu lake linajulikana, wala halimsaidii mnyama. Swali liwe, “Ni nani katika nyumba hii atakayemtimizia mahitaji yake leo, kesho na mwaka ujao?” Mahitaji hayo ni haya:

1. Nyasi mbichi au kavu wakati wote. Meno ya sungura hukua maisha yake yote, na hupunguzwa kwa kutafuna nyasi. Karoti ina sukari nyingi. Apewe kidogo tu.
2. Nafasi ya kukimbia nje ya kizimba kila siku.
3. Kivuli na hewa. Joto kali laweza kumuua.
4. Mtu wa kumwangalia. Sungura aliyeacha kula kwa nusu siku yumo hatarini. Apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kusubiri kesho.

Linalotatulika na lisilotatulika

Sababu nyingine za kutaka kumtoa zina dawa. Sungura anayeuma au kukojoa ovyo mara nyingi hutulia baada ya kuhasiwa na daktari. Kizimba kidogo chaweza kubadilishwa, na zamu za kumhudumia zaweza kupangwa upya. Lakini mkataba wa nyumba unaokataza wanyama, mzio mkali wa mmoja wa wanafamilia, au kukosekana kwa mtu nyumbani tangu alfajiri hadi usiku ni mambo yasiyoondoka kwa nia njema. Hapo, kumtafutia mlezi mwingine si kumtupa, bali ni sehemu ya kumtunza.

Makosa matatu ya kuepuka

La kwanza ni kumwachia porini. Jina hutupotosha. Sungura wa kufugwa ametokana na sungura wa Ulaya, mwenye asili ya Hispania na Ureno. Sungura wa hadithi zetu ni mnyama mwingine, aliyezoea kuishi mbugani na kujiokoa kwa mbio. Aliyezaliwa kizimbani hajui kujihami na mbwa, mwewe wala nyoka.

La pili ni kumpa mtu wa kwanza anayejitokeza kwa sababu anatolewa bure. Kwa familia nyingi sungura ni kitoweo, na hilo si kosa lao; lakini asiyeuliza kabla hana wa kumlaumu baadaye.

La tatu ni kuficha kasoro. Mlezi asiyeambiwa kwamba mnyama huuma, au kwamba ana tatizo la meno, atamchoka upesi, na mnyama atahama tena.

Makabidhiano

Itembeleeni nyumba mpya kabla ya kutoa ahadi. Ulizeni atalala wapi, atahudumiwa na nani, na kama wapo wanyama wengine. Dume na jike wasiohasiwa wasiwekwe pamoja, kwani mimba huchukua takriban siku 31 tu. Andikeni umri, jinsia, chakula alichozoea na magonjwa aliyowahi kuugua. Kubalianeni kwa maandishi kwamba mlezi mpya akishindwa, atamrudisha kwenu kwanza. Mpeni pia akiba ya chakula alichozoea, ili kibadilishwe polepole.

Mtoto aambiwe kabla, si baada. Kumwambia kwamba sungura ametoroka kutamfanya amtafute kila likizo, na siku atakapojua ukweli atakosa imani nanyi. Akishirikishwa kumchagua mlezi, atahuzunika, lakini ataelewa.

Mama wa mfano wetu, basi, akiweza kumtafutia mnyama mahali pa kukimbia na mtu wa kumwangalia mchana, abaki naye. Asipoweza, aanze kutafuta mlezi sasa, angali na muda wa kuchagua.

Maswali ya kujipima

1. Je, tatizo letu litakuwepo bado baada ya miezi sita?
2. Je, tumemwona daktari wa mifugo kabla ya kuamua?
3. Je, tungeridhika kumkuta mnyama wetu katika nyumba hiyo tukienda bila kutarajiwa?