Kutoka Injekta Hadi Kabureta

KIJANA: Papa, pikipiki yangu ya injekta imekuwa ikizimika njiani, abiria wakiwa mgongoni, na wenzangu wananishauri niing'oe injekta yote nitie kabureta. Je, shauri lao ni jema?

MZEE: Mwanangu, shauri si baya, ila limetangulia uchunguzi. Ndani ya tangi lako mna pampu ndogo ya umeme isukumayo esansi kwa nguvu ya kadiri ya baa 3, ikapenya vitundu vyembamba mno vya injekta. Nawe wanunua esansi ya chupa kandokando ya njia, katika mji huu wa Kolwezi ambao malori ya madini huutimulia vumbi usiku na mchana. Basi kwanza toa chujio la pampu ulitazame, kisha upime betri, kwani betri ikidhoofika pampu nayo hudhoofika. Aghalabu dawa hupatikana hapo.

KIJANA: Na kama pampu yenyewe imekufa, na bei ya nyingine siiwezi?

MZEE: Hapo kabureta ina haki yake, maana esansi huishukia kwa uzito wake tu bila kuhitaji umeme, na fundi yeyote wa mitaa yetu ya Manika au Dilala aweza kuifungua kwa bisibisi. Lakini wengi wameghafilika na jambo moja kubwa: kile kisanduku cha kompyuta, katika pikipiki nyingi za namna hii, hakiamuru esansi peke yake, bali huamuru hata cheche ya buji, kwa kuyasoma meno ya gurudumu la sumaku. Ukikiondoa, cheche nayo imeondoka. Kwa hiyo sharti upate, katika pikipiki ya aina ileile iliyoundwa na kabureta, gurudumu la sumaku pamoja na kihisi chake, kisanduku cha CDI kiamurucho cheche, koili, na shingo ya kuingizia hewa. Ikiwa aina yako haikuundwa kamwe na kabureta, mimi nakushauri uiuze, wala sitakukatia nyaya.

KIJANA: Pampu ikiwa bado nzima, siwezi kuiacha isukume esansi mpaka kwenye kabureta?

MZEE: Hasha! Kizibo cha boya ndani ya kabureta hakihimili nguvu ile. Esansi itafurika juu ya injini yenye moto, nawe umeikalia. Itoe pampu, uzibe mahali pake kwa bamba lenye mpira usioliwa na esansi, ulitie robineti. Tundu la kihisi cha oksijeni kwenye egzosi lizibe pia.

KIJANA: Na ukubwa wa kabureta?

MZEE: Kwa injini ya sentimita za ujazo 150, kabureta ya milimita 26 au 27 yatosha. Ila kumbuka kwamba Kolwezi imepanda zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni pungufu kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi kuliko ya Mombasa. Kompyuta, kwa vihisi vyake, ilikupunguzia esansi; kabureta haijui. Basi kile kishaba chenye tundu kuu la esansi kibadilishe kwa kidogo zaidi, daraja moja, uende kwa kasi katika njia ya Likasi, uzime injini ghafula, na ikipoa ufungue buji. Ncha ikiwa na masizi meusi, punguza tena. Ikiwa nyeupe, rudisha kikubwa upesi, maana injini inaungua. Ikiwa ya kahawia, acha hivyo. Na wakati wa kiangazi safisha chujio la hewa kila juma, kwani vumbi likiliziba, buji itarudi kuwa nyeusi, nawe utadhani kosa ni la kishaba.