Kichwa kikikuuma mlimani, usiendelee kupanda

UNAAMSHWA saa nane usiku katika kambi ya Mackinder, mita 4,200 juu ya usawa wa bahari. Baridi ni kali. Changarawe zinateleza chini ya viatu, na kila baada ya hatua chache unasimama kuvuta pumzi. Jua linapochomoza umefika kilele cha Lenana, mita 4,985, katika Mlima Kenya. Umechoka hoi, lakini furaha yako haina kifani.

Hiyo ndiyo siku ambayo kila mpandaji huitamani. Hata hivyo, kuna wanaougua kabla ya kufika kileleni, na wengine hufariki. Chanzo ni maradhi ya mwinuko.

Kwa nini mtu huugua?

Hewa ya mlimani ina asilimia 21 ya oksijeni, sawa na ile ya Mombasa. Kinachopungua ni shinikizo la hewa. Karibu na kilele cha Lenana, kila pumzi hukupa oksijeni inayozidi kidogo tu nusu ya ile ya pwani. Mwili huweza kuzoea hali hiyo, lakini huhitaji siku kadhaa. Mkazi wa Nairobi anayetoka nyumbani Ijumaa na kulala Mackinder Jumamosi hajaupa mwili wake nafasi hiyo. Ujana na mazoezi havimkingi mtu. Mwenye nguvu hupanda haraka zaidi, na haraka ndiyo hatari yenyewe.

Dalili zake

Maradhi huanza kwa kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, kizunguzungu na usingizi wa shida. Usisingizie uchovu. Pumzika hapo ulipo, na usipande hadi upate nafuu. Usipopata nafuu kwa siku moja, teremka.

Hatari kubwa ni ubongo kuvimba au mapafu kujaa maji. Mgonjwa hupepesuka kama mlevi na kusema mambo yasiyoeleweka, au hutweta hata akiwa ameketi na kukohoa povu la rangi ya waridi. Mwambie atembee kwa mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa pili. Akishindwa, mteremsheni mara moja, hata kama ni usiku. Msimwache peke yake.

Jikinge

Ukipita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya mahali ulipolala jana na utakapolala leo. Kutoka kituo cha Met, mita 3,050, hadi Mackinder ni mita 1,150. Kwa hivyo ongeza siku za safari. Kunywa maji ya kutosha, na uepuke pombe na dawa za usingizi. Iwapo una maradhi ya moyo au mapafu, au una mimba, mwone daktari kwanza. Mwulize pia kuhusu dawa ya asetazolamidi, ambayo husaidia mwili kuzoea.

Ukilazimika kurudi, usione aibu. Mlima hauhami, utaupanda siku nyingine ukiwa mzima.