Ni munganga gani anakata kipande cha mufupa ao cha musuli?



Mara na mara mutu anatoka kwa munganga na karatasi mukononi, imeandikwa "biopsi". Akifika nyumbani, majirani wanaanza kumuogopesha: "Wanataka kukukata muguu!" Hapana. Biopsi ni kutoa kipande kidogo tu cha mufupa ao cha musuli, kusudi kitazamwe kwa mikroskopi. Radio inaonyesha kwamba mufupa umeharibika, lakini mara nyingi haisemi ni ugonjwa gani ulioharibu.

Wagonjwa wananiuliza: niende kwa munganga gani? Inatokana na ugonjwa. Kwa mufupa, wa kwanza ni munganga mupasuaji wa mifupa. Ugonjwa ukiwa ndani sana, sawa kwenye uti wa mugongo, munganga wa radio anaweza kuingiza sindano huku akifuata njia yake kwa skana. Munganga wa damu yeye anatafuta uboho, ule unaotengeneza damu ndani ya mufupa. Anauchota kwa sindano nene upande wa nyuma wa nyonga.

Kwa musuli, anayeomba ni munganga wa mishipa ya fahamu ao munganga wa viungo, na mara nyingi mupasuaji ndiye anakata, kwenye paja ao bega. Hawachagui musuli uliokwisha kunyauka kabisa, maana humo wanakuta mafuta tu na makovu. Kipande hicho kinapaswa kugandishwa kwa baridi kali bila kukawia. Ndiyo sababu kazi hii haifanyiki pa lopitalo yoyote. Mufupa nao ni mugumu, unalainishwa siku kadhaa mbele ya kukatwa vipande vyembamba. Basi majibu yakichelewa, musigombane na infirmie! Anayesoma vipande ni munganga mwingine wa laboratwari, ambaye mugonjwa hamuoni hata siku moja.

Sasa neno linaloniuma. Kijana wa miaka 12 ao 15 anavimba karibu na goti. Anaumwa hata usiku, na uvimbe unazidi. Wazazi wanasema: ni mupira. Wanamukanda kwa maji ya moto, wanamuchanja. Wazazi, acheni! Uvimbe wa namna hiyo unaweza kuwa kansa ya mufupa. Mupelekeni mapema apigwe radio.

Na hapo si kila mupasuaji anaruhusiwa kuuchoma. Njia ya sindano ao ya kisu inaweza kubaki na mbegu za kansa, kwa hiyo atakayepasua nyuma anapaswa kuitoa njia hiyo pamoja na uvimbe. Njia ikifunguliwa mahali pabaya, muguu ambao ungeweza kuponyeshwa unaweza kukatwa. Biopsi hiyo ifanywe na munganga yule yule atakayepasua, ao yeye aonyeshe mahali pa kuchoma. Uliza bila haya: "Bwana munganga, ni wewe utakayemupasua mutoto wangu?" Hata mimi, pamoja na masomo yangu, sigusi uvimbe huo.

Ninyi munaokula vumbi la mawe, mujue kwamba vumbi hilo linafungulia kifua kikuu mulango, na kifua kikuu kinaweza kuingia uti wa mugongo. Mugongo unaouma wiki na wiki, pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda, usiseme ni uzito wa kazi tu. Hapo kipande kimoja kinatiwa ndani ya formoli, kingine katika chupa safi isiyo na formoli, kusudi vijidudu vioteshwe. Ukiwa umekwisha kumeza dawa za kuua vijidudu, sema, maana zinaweza kuvificha.

Sema tena kama unameza aspirini ao dawa ya kufanya damu iwe nyepesi, lakini usiiache bila ruhusa. Kisha kukatwa, kitambaa kikae kikavu. Kama ni mufupa wa muguu, usibebe mizigo mpaka munganga akuruhusu, maana pale mufupa umepungua nguvu. Damu isipokoma, usaha ukitoka ao homa ikipanda, rudi lopitalo, hata kama ni usiku.