Kuhesabu Mawimbi: Kipindi na Marudio

Somo hili ni la vikundi vya pwani hasa. Mtahitaji saa yenye mshale wa sekunde na mti uliosimama majini.

Kilele cha wimbi kikipita kwenye mti, mmoja wenu aseme "sifuri" na mwenye saa aanze. Msianze na "moja"! Ukianza na moja, ukifika kumi umepima nafasi tisa tu, na hesabu yote imeharibika. Tuseme wimbi la kumi limefika baada ya sekunde 60. Basi kutoka wimbi moja hadi jingine ni sekunde 6: huo muda ndio kipindi. Na kwa dakika moja yamepita mawimbi 10: hayo ndiyo marudio.

Siku nyingine mtapata kipindi cha sekunde 12. Hapo marudio ni 5 kwa dakika. Kipindi kimekuwa maradufu, marudio yamebaki nusu. Gawanya 60 kwa kipindi, utapata marudio. Gawanya 60 kwa marudio, utapata kipindi.

Maji kujaa na kupwa nayo ni wimbi, lenye kipindi cha saa 12 na dakika 25 hivi. Ndiyo maana maji ya leo hujaa dakika kama 50 nyuma ya saa ya jana. Wavuvi si wa kufundishwa hilo.

Sasa tuje kwa wimbi linaloua. Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko chini ya bahari karibu na Sumatra, Indonesia, lilizusha tsunami iliyofika Kenya saa nane hivi baadaye. Kwetu alikufa mtu mmoja. Somalia walikufa karibu 300. Kipindi cha tsunami chaweza kuwa dakika 10, hata saa nzima. Kikiwa dakika 30, marudio ni mawili tu kwa saa. Aliyezoea wimbi la sekunde 6 akiona bahari imetulia robo saa, atasema yamekwisha, ashuke kutazama mashua yake. Kumbe jingine liko njiani, na mara nyingi la kwanza silo kubwa. Kwa hiyo bahari ikijivuta ghafla, si saa yake ya kupwa, kimbilieni mlimani na mkae huko mpaka serikali itangaze kwamba hatari imepita.

Zoezi: mkihesabu mawimbi 8 kwa dakika, kipindi ni sekunde ngapi? (Jibu: 7 na nusu.)